Sifa Zilizomponza Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa na kasoro moja kubwa: hakuwa na kasoro. Sisemi hivi kwa kuwa ni marehemu na marehemu husifiwa. Hata alipokuwa hai, kijana mrefu mwenye shuka nyekundu na sauti ya chini, watu wa upande wetu wa Mlima Meru walikuwa wakimsifu mpaka Mama anawakatiza. "Basi, inatosha," alikuwa akiwaambia. Wageni walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa hofu tupu.

Tuliishi juu kidogo ya barabara ya Nairobi, si mbali na Ngaramtoni, enzi za Mwingereza. Sisi ni Waarusha. Tulikuwa na migomba, mahindi na ng'ombe, na Jumapili mimi na Mama tulikwenda kanisani kwa Walutheri huku Baba akibaki na mifugo na mila zake. Kila rika la vijana wetu lilipokomaa, wazee walimchagua kijana mmoja wa kulibeba. Kwa Kimaa anaitwa olotuno. Ukisikia kuchaguliwa usidhani ni bahati. Ilisemwa kwamba kila baya litakalolikuta rika lile, maradhi au ukame au kufa kwa mifugo, litamwangukia yeye kwanza ili wenzake wapone, na kwamba watu wa namna hiyo hawazeeki. Walimpa heshima na ng'ombe, lakini hakuna aliyejitolea. Kijana alikamatwa ghafla, mchana kweupe, kabla hajapata nafasi ya kukimbia.

Wala hawakukamata yeyote tu. Walitaka mwili usio na kilema, wazazi wote wawili wawe hai, na mikono ambayo haijawahi kumwaga damu ya mtu. Hayo vijana wengi walikuwa nayo. Kilichobaki kilikuwa tabia, na hapo ndipo tulipokuwa hatulali.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mke wa mtu na nasomea ualimu, mhadhiri wa saikolojia alitufundisha nadharia ya sifa za utu. Alisema kila mtu ana sifa zake zinazodumu: huyu mchangamfu, yule mkimya, huyu ana wasiwasi, yule anaaminika. Ukizipima vizuri, alisema, unaweza kubashiri mtu huyo atafanya nini hata mahali ambapo hujawahi kumwona. Wenzangu waliandika kwa bidii. Mimi niliiweka kalamu chini. Nilikuwa nimeshaiona nadharia hiyo ikifanya kazi, tena kwetu nyumbani.

Kwa maana wazee walipima, ila hawakusema wanapima. Mzee alipita kuomba maji. Mwingine alikuja kuulizia ndama aliyepotea, na ndama mwenyewe hakuwa amepotea. Nyama ilipochomwa, palikuwa na mtu kando asiyekula, anatazama tu nani anajikatia kwanza na nani anamkumbuka mwenzake. Kijana akishindwa mchezo, waliutazama uso wake. Walitaka mtu yule yule kila mahali. Aliyekuwa mpole sokoni na mkali kwa wadogo zake nyumbani hawakuwa na haja naye. Mimi wangenipima mara moja wakaenda zao, maana nilikuwa na hasira za karibu na mdomo usio na breki, na namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Ubaya wake ni kwamba hukujua nani katumwa. Kila aliyekohoa mlangoni, Mama alishtuka.

Alikuwa na sababu. Kaka yake mkubwa, mjomba wetu, alikuwa amelibeba rika lake wakati Mama ni msichana mdogo. Alikumbuka walivyomrudisha nyumbani amepakwa mafuta, anang'aa, na alivyokwisha polepole mpaka shuka ikawa kubwa kwake. Mwingine angesema ni homa. Mama, pamoja na ulutheri wake wote, hakuwahi kusema ni homa.

Basi minong'ono ilipoanza kwamba rika la kaka limekomaa, Mama alituita nyuma ya nyumba, penye migomba, akasema na kaka kama anayemtuma dukani.

"Kuanzia leo uwe mtu mbaya."

Kaka akatabasamu. "Mbaya vipi, Yeyo?" Ndivyo tulivyomwita Mama, kwa Kimaa.

"Mbaya tu. Mchoyo. Mwenye kiburi. Wakikuomba maji, wanyime. Ukikutana na mzee, usimwinamishie kichwa. Nyama ikiwapo, jikatie wewe kwanza. Nataka nisikie watu wanakulalamikia."

Nilicheka, na Mama hakunikemea. Nilimwambia kaka dawa ni kukimbia: ashuke mpaka Tengeru, kwenye mashamba ya kahawa ya Wazungu, huko hakuna anayeuliza tabia ya mtu, wanauliza mikono tu. Mama alikataa. Aliyekimbia mila, alisema, laana humfuata alipo, ila aliyekataliwa na wazee wenyewe hana deni. Nikasema basi twende bomani kwa bwana shauri, Mzungu wa serikali. Mama akanitazama kwa huruma, maana mkalimani wa bwana shauri alikuwa mtu wa huku huku kwetu, na kabla ya jioni kila mzee angejua. Na Baba? Baba alikuwa kimya. Nilimchukia kwa ukimya ule, kwa sababu nilijua nusu yake ilikuwa hofu kama yetu na nusu nyingine ilikuwa fahari.

Kaka akaanza kazi ya kuwa mbaya, na sijawahi kuona mtu akihangaika vile. Kwetu kijana akikutana na mzee humwinamishia kichwa ili aguswe utosini. Siku ya kwanza ya soko Ngaramtoni, alimpita mzee mmoja na shingo wima. Alirudi nyumbani anatoka jasho, akashindwa kula. Penye nyama alijikatia paja zima mbele ya wenzake, akalitafuna kama anatafuna dawa. Alimwita jirani yetu mvivu, mbele za watu, mtu aliyekuwa mvivu kwelikweli, na bado ilimuuma siku nzima.

Kisha akaja mzee wa kuomba maji. Alikuwa mwembamba, mwenye jicho moja lenye ukungu, na hatukumfahamu. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, mimi nikiwa nasafisha vibuyu vya maziwa. Mtungi ulikuwa umejaa, hata yeye aliuona.

"Kijana, naomba maji," alisema.

Kaka alitupa jicho mlangoni. Halafu akasema, "Hakuna maji ya kugawa hapa. Mto uko kule."

Mzee hakukasirika. Alimshukuru, hasa ndilo neno, alimshukuru, akashika njia. Niliacha vibuyu nikamtazama mpaka akapotea. Lakini Mama aliutua ungo chini akapumua kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni. Jioni ile alimpikia kaka loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, chakula alichokipenda, akamwambia, "Umeweza, mwanangu." Kaka alikula bila kuinua macho.

Maneno yakasambaa jinsi tulivyotaka. Sokoni wanawake walimwambia Mama mwanawe amebadilika, labda karogwa, labda ni pombe. Mama aliinamisha uso kwa aibu ya uongo, na tukishafika mbali alinifinya mkono kwa furaha. Mvua zikaja, zikaisha. Hakuna aliyekuja tena kuomba maji. Ukimya huo ndio ulionitisha mimi. Nilimwambia Mama wangekuwa wamemkataa tungeona wageni wa kawaida, wenye shida zao za kawaida, lakini boma letu watu walikuwa wakilipita mbali. Mama aliniambia nifunge mdomo.

Walikuja asubuhi, jua likiwa tayari kali, wakati kaka anatengeneza ua wa ng'ombe. Wazee walikuwa mbele, na nyuma yao vijana wa rika lake mwenyewe, wengi, wakitembea bila wimbo na bila maneno. Waliuzunguka ua. Yule mzee mwenye jicho la ukungu alikwenda moja kwa moja kwa Mama, mlangoni.

Mama aliwahi kusema kabla yake. "Huyu hafai, baba. Wewe mwenyewe alikunyima maji."

"Alininyima," mzee alisema. "Lakini kabla hajaninyima alikutazama wewe kwanza. Mchoyo hamtazami mama yake, mama. Tukauliza na kwingine. Paja la nyama alilojikatia, alikwenda kulitapika. Yule jirani aliyemwita mvivu, alimlimia shamba kesho yake, alfajiri, akidhani haonekani. Tumetafuta kijana anayeweza kubeba jambo zito asilolipenda kwa sababu ameombwa. Wewe umetuonyesha."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungika kama wa Mama wakati ule. Kila alichokifanya Mama kumwokoa kilikuwa kimehesabiwa kuwa ushahidi. Baba alikuwa amesimama karibu na nguzo ya ua, machozi yanamtoka, na hakusogea.

Vijana wakaingia uani. Kaka alikuwa na fimbo mkononi, fimbo nene ya mzeituni, na alikuwa na nguvu kuliko wengi wao. Aliyekuwa mbele kabisa alikuwa rafiki yake, mtoto wa pekee wa nyumba ya pale chini, na kichwa chake kilikuwa wazi, hana hata cha kujikinga. Hapo Mama aliona njia iliyobaki. Tone moja la damu lingetosha, kwa maana mwenye kumwaga damu ya mtu hawezi kulibeba rika.

"Mpige!" alipiga kelele. "Mwanangu, mpige! Mpasue! Nakuamuru mimi mama yako!"

Nami nilipiga kelele hivyo hivyo. Siwaombi radhi kwa hilo. Ningepata fimbo ile mimi, wangeondoka pale wanavuja damu wote.

Kaka alitazama kichwa cha rafiki yake, kisha akamgeukia Mama. Mkono wake ulikuwa umeshainuka. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba wakimwacha yeye watamshika rafiki huyo, ambaye ndiye aliyemfuata kwa sifa.

"Hapana, Yeyo," alisema.

Akaiweka fimbo chini, wakamshika. Mama alianguka pale pale mlangoni. Katika maisha yake yote kaka hakuwahi kumkatalia neno, na siku nyingi Mama alikuwa akimsihi ajifunze ukaidi. Sasa alikuwa amejifunza.