Siku Tuliyoficha Wagonjwa

Kwa msimu mzima niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza, kuwa wakaguzi wa ubora wa vituo vya afya wakikuta mgonjwa kitandani wanaondoa nyota moja. Wagonjwa wawili, nyota mbili. Wodi ikijaa, kituo kinapigwa kufuli la serikali. Aliyeniambia ni dereva wa lori aliyekaa kwenye foleni ya mpakani Tunduma mpaka mvi zikamwota nikimwona.

"Kituo kizuri hakina wagonjwa, mukwai," alisema, akiniita bwana kwa lugha ya ng'ambo ya mpaka. "Kama mnatibu kweli, mbona bado wanaumwa?"

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Chapwa, mwanafunzi mwenye ndevu ndefu kuliko za mwalimu. Hoja hiyo niliiona ya chuo kikuu.

Nilipata kazi ya kuandika rejesta katika kituo kimoja cha afya huko chini, Momba. Ukaguzi uliotangulia kilikuwa kimepata nyota moja, na kibao chake kilining'inia mapokezi kama aibu ya ukoo. Asubuhi ya ukaguzi mwingine, mganga mfawidhi alikwenda mjini kuwapokea wakaguzi. Nesi alikuwa ukumbini na foleni ya chanjo iliyofika, nadhani, hadi Ndalambo. Nikabaki mimi, ndoo ya deki na koti jeupe la kuazima.

Wodi ilikuwa tupu, nikashukuru. Lakini nyuma yake kulikuwa na banda la akina mama wanaosubiri kujifungua. Kule kwetu mvua zikikaribia, mjamzito anahamia mapema na sufuria yake, kuni zake na kuku wake mmoja, maana korongo likijaa hakuna wa kulivuka. Siku ile walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mdogo wangu, tumbo moja.

Niliwaambia kuna maagizo kutoka juu, waondoke mpaka kesho. Wawili walikuwa wafugaji. Mkubwa wao alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

"Huyu kasoma usiku," akamwambia mwenzake, "ndiyo maana mchana haoni."

Wakacheka, wakapakia sufuria kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaenda kwa ndugu zao hapo jirani. Mdogo wangu hakucheka.

"Kaka, tangu jana kichwa kinanigonga. Naona vimulimuli."

"Ni moshi wa kuni zenu. Nenda kwa shangazi ng'ambo, kesho unarudi kwenye kituo cha nyota tano."

"Na korongo?"

"Mvua iko wapi hapa?"

Akanyoosha kidole kuelekea milimani. Kule mbingu ilikuwa nyeusi hadi chini. Juu yetu jua liliwaka, na upepo ulikuwa umekata kabisa, hata kuku wake alikaa kimya kwapani. Alinisubiri niseme neno jingine. Nikaishika ndoo ya deki. Akaondoka akiburuza kandambili, miguu imemvimba.

Wakaguzi walifika mchana. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mpole mwenye faili. Akafungua makabati, akafungua bomba la maji, akahesabu glovu. Niliipiga sakafu deki mpaka ungeweza kujitazama ukinyoa. Mwisho akasimama katikati ya wodi.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Hatuna, mama," nikajibu kifua mbele. "Tumewamaliza."

Mganga mfawidhi akafumba macho. Yule mama akaenda mezani kwangu. Akachukua rejesta, akapitisha kidole kwenye mwandiko wangu mwenyewe, ule ninaojivunia, akasoma taratibu: "Mimba ya kwanza. Shinikizo la damu juu sana. Asitoke kituoni." Akainua uso. "Huyu yuko wapi?"

Niliyanakili maneno yale jana yake kutoka kadi ya nesi kwa kalamu ya bluu, nikayapigia mstari kwa rula. Sikuwa nimeyasoma.

Nikasema nimemtuma ng'ambo, tukarukia gari la wakaguzi. Kabla hatujaliona korongo tulilisikia, na tone moja la mvua halikuwa limetuangukia. Maji ya milimani yalikuwa yameshafika, mekundu, yakibingirisha magogo. Niliangalia ng'ambo nikitafuta kitenge chake, kisha kwenye maji. Dereva ndiye aliyemwona, upande wetu, amekaa chini kandokando ya kichaka, kuku amefungwa kwenye kidole chake cha mguu.

"Nesi," aliniita mdogo wangu, akilitazama koti langu jeupe, "mwambie kaka yangu nimerudi."

Kisha mwili ukaanza kumtikisika.

Kifafa cha mimba nilikuwa nimekisikia tu. Walimlaza ubavu, wakamrudisha, nesi akaacha chanjo, faili la nyota likatupwa juu ya dirisha. Mimi nilikaa nje nimemshika kuku. Nilisubiri muda ambao bado sijaufikisha mwisho. Mtoto alilia mara moja, akanyamaza, halafu akalia tena.

Yule mama akatoka akijifuta mikono. "Wote wawili wako hai. Mama bado hajui alipo. Tumeita gari la kumpeleka hospitali."

Ndipo nilipomweleza habari ya dereva, nyota na vitanda, yote. Hakucheka, wala hakunifokea.

"Hatuondoi nyota kwa sababu ya mgonjwa," alisema. "Mgonjwa ndiye tunayekuja kumuuliza kama mnamhudumia vizuri. Siku nyingine mwache kitandani."