Dada Wawili wa Vietnam na Uwanja Wetu wa Omena

Baba yangu alizaliwa Karungu, mwana wa mvuvi. Mama yangu alizaliwa Mfangano, akavushwa ziwa siku ya kuolewa. Andika hayo kwanza, mjukuu wangu, wala usiyapambe.

Juzi ulinisomea habari za dada wawili wa Vietnam ya kale, walioinua watu dhidi ya watawala wa kigeni kutoka Uchina. Wanasimuliwa kuwa walipanda tembo, wakaongoza jeshi lenye majemadari wanawake, wakateka ngome, wakatawala miaka michache kabla ya kushindwa. Nilisikiliza vizuri hadi ulipofika pale panaposema dada mkubwa aliinuka kwa sababu gavana alimuua mumewe. Nikakuamuru uzime simu. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa nimekasirika.

Unaujua uwanja wetu wa kuanikia omena, dagaa wa ziwa letu. Wenye malori kutoka mbali walipouzungushia waya, sisi wanawake tuliotandaza nyavu zetu pale tangu ujana tulibaki kuanika kando ya barabara, vumbini. Tukakubaliana kusimama sote mkutanoni, mbele ya mwenyekiti wa ufuo na wazee. Siku ilipofika, wenzangu wakamtafuta shemeji wa mmoja wao awasemee, kwa kuwa huku imezoeleka neno la mwanamke lipitie kinywa cha mwanamume wa boma lake. Shemeji akasimama, akamshukuru mwenyekiti kwa soda, akaketi bila kuutaja uwanja.

Ndipo nikasimama mimi.

"Mama, umetumwa na nani?" mwenyekiti akauliza.

"Nimetumwa na omena wanaooza."

Watu wakacheka. Yeye akawageukia wazee, akawaeleza kwa upole kwamba marehemu babu yako alikuwa mtu wa haki, na bila shaka ndiye aliyekuwa akisema kupitia kwangu. Wazee wakaitikia. Wenzangu nao wakapiga makofi. Babu yako, ambaye hakuwahi kugusa omena ila mezani! Waya ungalipo hadi leo.

Ndiyo maana juzi nilikuambia juu ya yule dada: wageni wanaitoza nchi yake kodi, wanawatumikisha watu wake, nanyi bado mnamtafutia mume wa kumtuma.

"Dani, bibi yangu, ndivyo ilivyoandikwa," ulinijibu.

Huenda mume aliuawa kweli. Na yule mdogo, yeye alitumwa na mume gani?

Wavu wangu wa kuanikia umekunjwa ghalani. Utunze, usiufanye uzio wa kuku. Nikiondoka, utandaze uwanjani, waya uwepo au usiwepo. Na mtu akikuuliza ni nani aliyenituma siku ile, babu yako usimtaje. Sema nilisimama mwenyewe.