Herufi B ya Sellah Nyaberi

Sellah Nyaberi alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai nje ya Kericho. Baba na mama yake walikuwa wachumaji waliotoka Kisii. Mwaka wa 1973 ndiye aliyekalia mashine ya teleksi katika ofisi ya kampuni yetu. Mimi nilikuwa karani wa faili, meza yangu ikitazamana na yake.

Mashine ile haikuwa kama taipureta. Ukibonyeza herufi hapa, papo hapo inachapika Nairobi, na hakuna kuirudisha. Kwa hiyo Sellah alikuwa na desturi yake: kwanza aliutoboa ujumbe kwenye utepe wa karatasi, akausoma, akausahihisha, ndipo akaupitisha. Tena kila kitufe kilibeba alama mbili. Ukitaka namba ulibonyeza kwanza kitufe cha namba, ukimaliza unabonyeza cha herufi. Hicho cha herufi kilikuwa kinakwama. Sellah aliiandika habari hiyo mara mbili katika kitabu cha hitilafu, na Bwana Johnson, meneja wa ofisi, akasema fundi atakuja mwisho wa mwezi.

Mwezi wa nne, saa nane mchana, mashine ya kusaga majani ilimvuta Nyakundi, mfanyakazi wa kiwandani, mkono hadi begani. Hospitali ikasema damu ya kundi lake, B, imewaishia. Simu zilikuwa zimekufa tangu asubuhi, mti ulipoangukia nguzo huko Kapsoit. Ilibaki teleksi tu, iliyokuwa na laini yake. Nairobi wangeweza kuileta damu kwa ndege ndogo.

Sellah akaushika utepe.

"Wacha utepe," Bwana Johnson alisema, amesimama nyuma yake. "Piga moja kwa moja."

Sellah akachapa DAMU PAINTI 6, akabonyeza kitufe cha herufi, akachapa B. Kitufe kilikuwa kimekwama. Kwenye karatasi ikatokea alama ya kuuliza, kwa sababu hiyo na B hukaa kitufe kimoja. Nilimwona Sellah akiiona. Lakini ilikuwa imeshafika.

Yule aliyekalia mashine ya Nairobi alidhani anaulizwa. Akaanza kujibu kwamba yeye hajui, waulizwe hospitali. Wakati huohuo Sellah alikuwa anaipiga ile B tena na tena, na kwa vile wote wawili walichapa kwa wakati mmoja kwenye laini moja, maneno yao yakagongana, yakatoka takataka. Kisha mvua ikaanza, na laini nayo ikafa.

Ilirudi saa kumi na robo, ndipo B ikafika Nairobi. Ndege ilitua saa kumi na mbili kasorobo. Nyakundi alikuwa ameshakufa nusu saa kabla.

Kesho yake Bwana Johnson alimwekea Sellah barua mezani, ikisema kosa ni lake, la kutokuwa makini. Akamweleza kwa upole kwamba akitia sahihi atabaki kazini, hata kama si kwenye teleksi. Sellah aliisoma mara mbili, akamrudishia bila sahihi. Fundi Kipkemoi alipofika juma lililofuata alikifungua kitufe, akatoa donge la vumbi la chai, akatuonyesha sote kwenye kiganja. Lakini ripoti ya Bwana Johnson, iliyomlaumu Sellah, ilikuwa imeshaondoka kwenda makao makuu. Sellah alipewa siku saba za kuondoka kazini.

Siku hizo hakuzitumia kutafuta kazi. Alikwenda kwa Bitutu, mjane wa Nyakundi, akamsimulia yote, utepe na kitufe na ile alama. Bitutu alikuwa anachambua mboga. Kisha akauliza:

"Ulipoona imekosea, ulifanya nini?"

"Niliendelea kuichapa, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mashine ikanyamaza."

Bitutu hakumwambia amemsamehe, na Sellah hakuomba. Mjane alimsogezea sufuria, wakachambua mboga pamoja.

Nyumba za kampuni, ya Bitutu na ya Sellah, zilitakiwa zirudishwe kabla mwezi haujaisha. Asubuhi ya kuhama, wengi wetu tuliogopa kuonekana pale, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitazama kutoka dirisha la ofisi. Sellah alishika kitanda upande mmoja, Bitutu upande wa pili, wakakipandisha kwenye lori la kwenda Kisii, kisha wote wawili wakapanda.