Kanzu ya Idd na Wakurugenzi Watatu

Tulianzisha kampuni ya kufua nguo pale Kayole tukiwa watu wanne: mimi, rafiki wawili niliosoma nao, na mama mmoja tuliyepanga naye ploti moja, ambaye kwa kweli ndiye pekee aliyejua kufua. Miezi ya kwanza, tatizo likitokea tuliliongelea palepale kwenye karai, likaisha.

Kisha rafiki yangu mmoja akahudhuria semina ya biashara, akarudi na vyeo. Yeye akawa Mkurugenzi Mkuu, mwenzetu Mkurugenzi wa Fedha, mimi Mkurugenzi wa Shughuli. Chumba chake cha kulala kikawa makao makuu. Mama hakupata cheo. Alipata barua ya onyo, kwa kununua sabuni bila idhini.

Asubuhi moja Mkurugenzi Mkuu alikuja kukagua kazi. Akaloweka nguo yeye mwenyewe, kanzu nyeupe ya mteja pamoja na pazia jekundu, halafu akaingia mkutanoni na wa Fedha. Mama akaniita.

"Mwanangu, hili pazia linachuja rangi. Niitoe kanzu?"

"Ngoja niulize, mama."

Kanuni mpya zilikataza kugusa kazi ya mkubwa bila ruhusa yake. Nikamtumia ujumbe kwa simu, ingawa alikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka niliposimama. Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Tuko kwa mkutano. Andika ripoti." Nilikuwa bado naiandika mama alipochoka kungoja, akaiinua kanzu. Ilikuwa imegeuka rangi ya waridi.

Mwenyewe, mzee mmoja jirani, alikuja mchana kuichukua. Idd ilikuwa kesho yake.

"Mkubwa hapa ni nani?"

Mkurugenzi Mkuu alinitazama mimi. Mimi nikamtazama wa Fedha. Wa Fedha akamtazama mama.

"Nisamehe, baba," mama akasema. "Utaivaa kesho."

Aliisugua hadi mikono ikamchubuka na weupe ukarudi, na mzee akaenda kuswali nayo. Mimi niliona aibu. Nilikuwa nimesimama kando ya karai saa nzima nikiitazama ikiharibika.

Wiki hiyohiyo mama aliacha kazi, akaanza kufulia kwake, na wateja wakamfuata. Kampuni ikabaki na wakurugenzi watatu na nguo zetu wenyewe, ambazo hakuna aliyekubali kuzifua. Mwezi uliofuata nilienda kumwomba kazi. Hakunisimanga. Alinionyesha bomba, akaniambia maji hukatika saa nne, niwahi.