Shuka Zilizoanikwa Juu ya Umuyenzi

Xavérine, au Mama Régis kama wengi wanavyomwita, haionei aibu mikono yake. Imepauka kwa sabuni, kucha zimeliwa na maji, na kwa miaka kumi na tisa imefua nguo za nusu ya mtaa wa Nengo. Ukimwita dobi, ataitika. Ukimwita mchafu, utajuta kumfahamu.

Jumatatu asubuhi alifika kwa Mama Iriza, mwenye vyumba vya wageni karibu na ziwa, akakuta geti limefunguliwa nusu na mwenye nyumba amesimama katikati. Asiingie. Tangu wiki iliyopita watoto wametokwa na upele, baba yao anajikuna, na mgeni mmoja ameondoka na malengelenge shingoni. Kama si ile sabuni yake ya Goma, basi ni ugonjwa aliotoka nao hukohuko Goma kwa dada yake. Na Mama Iriza hakuyasemea chumbani. Tangu Ijumaa alikuwa amepayuka juu ya uzio, na nyumba mbili za jirani zilikwisha kumwambia Xavérine asije tena. Ikibaki hivyo, Nengo nzima ingemfungia mageti.

Mwingine angelia, akaomba radhi kwa kosa asilolijua, akaenda zake. Xavérine? Thubutu! Alitua beseni palepale getini, akataka aletewe shuka zilizowasha. Uvumi haumfukuzi kazi, alisema. Aonyeshwe kosa lake.

Shuka zikaletwa, zimeshikwa kwa ncha za vidole. Akazikunjua juani. Nyeupe, safi, ila upande mmoja ulikuwa na matone ya kahawia. Hapo roho yake ikatulia. Madoa yale aliyajua tangu utoto wake Nyundo, mama yake alipomfundisha mimea kabla ya kumfundisha sala. Igisura, mmea unaowasha, wenye majani ya vinywele, usiuguse hata kwa mzaha. Na umuyenzi wa uzio, vijiti vya kijani ambavyo hata majani huyaoni: ukiuvunja unatoa maziwa yanayobabua ngozi. Yakikupata ngozini, osha upesi kwa sabuni na maji mengi, na mkono usiende machoni.

Akainua macho. Uzio wa Mama Iriza ulikuwa umuyenzi mtupu, umekatwa juzijuzi tu, umenyooka kama kichwa cha bwana harusi. Na waya wa kuanikia nguo haukuwepo.

“Mi niliacha shuka kwa waya,” alisema. “Nani alizitoa?”

Mama Iriza akajibu kwamba waya ulikuwa unawaziba wageni wasione ziwa. Aliufungua mwenyewe, akatandaza shuka mbichi juu ya uzio siku ileile ulipokatwa. Kwani nani haaniki juu ya uzio? Sabuni ni sabuni, akashikilia.

Wee! Xavérine akakunja mikono ya blauzi, akajipaka sabuni ile ya Goma hadi viwikoni, povu likamtiririka. Majirani wale wawili walikuwa wameshatoka kutazama. Kisha akashika kijiti cha umuyenzi kwa kitambaa, akakivunja, maziwa yakachuruzika.

“Sabuni yangu iko hapa, kwa mikono yangu. Sasa we jipake hii ya kwako.”

Mama Iriza akaficha mikono ndani ya kitenge, na kila mtu akaona. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu alikitandika mwenyewe.

Basi yaishe, akasema Mama Iriza, Mama Régis aingie afue. Xavérine hakuinua beseni. Kwanza waya urudi, na aufunge aliyeufungua. Ukafungwa, ukucha mmoja wa Mama Iriza ukavunjika, na Xavérine akauvuta kwa mikono miwili kuona kama umekaza. Shuka zitafuliwa mara mbili, kwa maji mengi. Lakini bado hakuinua beseni.

“Bon. Sasa waambie majirani.”

Mama Iriza akanong’ona kwamba haikuwa sabuni wala ugonjwa, ilikuwa huu muti wa uzio.

“Ijumaa hukusema hivyo,” Xavérine alisema. “Ijumaa walikusikia mpaka ziwani. Sema na ile sauti.”

Mama Iriza akatazama geti, akautazama waya, akavuta pumzi. Kisha akasema kwa ile sauti.