Kidole Juu ya Santuri

Kabla ya kuwa mpiga santuri nilikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la tumbaku. Kabla ya tumbaku nilichoma matofali, nikauza mafuta ya taa, nikamshikia kamba fundi wa antena pale kilima cha Arua, kwa sababu tu nilitaka kujua sauti hupitaje hewani. Aliniambia nikaze kamba. Shule ya Mvara nilikuwa nimeiacha darasa la sita, bila ugomvi na mtu. Niliona lori likielekea mpakani, nikapanda.

Mwaka ule, nadhani 1974, mama mmoja Mkongo aliyeuza vitenge sokoni Arua alipata gramafoni ya betri, pamoja na amplifaya na spika yenye mdomo mpana kama tarumbeta. Ilitoka katika duka la Wahindi waliokuwa wameondolewa nchini, ikapita mikono mingi kabla ya kufika kwake. Santuri alizileta mwenyewe kutoka ng'ambo ya mpaka, amezifungia katikati ya vitenge zisivunjike. Alikodisha vyote kwa watu wenye harusi. Kisha kijana aliyempigia santuri akaingia jeshini, naye akabaki na mashine bila mtu, na Jumamosi ana harusi ya watu kule Koboko.

Mimi nilikuwa nikipita kibandani kwake kila niliposhuka lorini, nikiinamia mashine ile, nikiuliza hiki ni cha nini na kile kinazungushwa na nini. Alinichoka. Alisema kama siwezi kuacha kuigusa, basi niiguse kwa kazi. Aliniuliza nimesoma wapi, nikamwambia nilipoishia.

"Si kitu," akasema. "Santuri haina mutihani. Lakini sikia. Ile nyumba ya Koboko, bibi harusi hatoki ndani mpaka shangazi zake wamecheza. Harusi ya dada yake, kijana yangu alipiga, shangazi walikaa tu mpaka jua imeshuka. Soko muzima ilicheka mimi. Na wewe, wakikaa, unarudia tumbaku yako."

Sikutaka kuirudia. Nilikuwa nimechoka kukohoa juu ya marobota, na hapakuwa na kazi iliyowahi kunishika moyo zaidi ya mwezi. Hii niliitaka.

Lori letu ndilo lililotupeleka, mama mbele na dereva, mimi nyuma nimezikumbatia santuri kwenye mashimo yote ya njia. Koboko hakukuwa na umeme, kwa hiyo tulisimamisha lori ubavuni mwa nyumba, nikavuta nyaya kutoka betri yake hadi mezani chini ya turubai. Dereva aliniona nikipangusa santuri kwa kola ya shati, akawaambia watu kwamba leo tanboi wake amekuwa daktari.

Shangazi walikuwa mkekani, safu moja, wamejitanda nguo zao nzuri, mikono kifuani. Niliweka rumba iliyokuwa ikipendwa kote mpakani, yenye magitaa yanayokimbizana. Vijana waliingia uwanjani papo hapo, pamoja na askari waliokuja likizo, hata mpishi akaacha sufuria. Shangazi hawakutikisa unyayo. Nikageuza upande wa pili, wenye kasi zaidi. Mkubwa wao akaomba chai. Ilikuja bila sukari, maana sukari miaka ile tuliisikia tu ikitajwa, naye akainywa akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeificha.

Nikabadilisha, nikabadilisha tena. Wasichana waliokuwa ndani na bibi harusi walichungulia mlangoni kuuliza kama bado. Mama Mkongo alikuwa amekaa karibu na jiko, akijipepea. Kwanza alinikazia macho, kisha akaacha kabisa kunitazama, na hilo lilinitisha zaidi.

Ndipo betri ikaanza kuchoka. Mwimbaji aliyeanza na sauti ya kijana akawa mzee katikati ya ubeti. Magitaa yakaacha kukimbia, yakatembea. Vijana wakazomea. Nikainama kutafuta waya uliolegea, jasho likidondoka mezani, na nilipoinua kichwa shangazi mkubwa alikuwa amesimama.

Alijaribu hatua moja, fupi, bega likitangulia, kama wanavyocheza doluka, ngoma ya akina mama wa Kinubi. Akawageukia wenzake.

"Sasa hii iko muziki," akasema. "Ile ingine ilikuwa mbio."

Wakainuka wote.

Dereva naye, kwa wema wake, alikuwa amegundua kwamba betri inakufa. Akachukua hendeli, akaizungusha mbele ya lori, injini ikanguruma na nguvu zikarudi. Mwimbaji akarudi ujana. Shangazi wakapoteana hatua. Mmoja akaanza kuutafuta mkeka. Injini ikizimwa, mashine ingekufa kabisa. Ikiachwa, wangekaa. Nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: nikaweka kidole kwenye ukingo wa santuri, polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Santuri ikapunguza mwendo. Nikabonyeza kidogo zaidi, nikatazama miguu yao, nikaachia kiasi cha unywele. Hatua zikapatana.

Shangazi mkubwa akasogea mezani bila kuacha kucheza, akauchunguza mkono wangu.

"Kijana, hiyo kidole ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Leo ni ya sisi. Usitoe."

Sikukitoa. Vigelegele vilianzia ndani ya nyumba, mlango ukafunguliwa, bibi harusi akatoka taratibu akifuata mwendo uleule, na shangazi wakampokea wakimzunguka. Ncha ya kidole ilikuwa inawaka moto. Vijana walikuja kulalamika kwamba nimeua wimbo. Mama Mkongo akawafukuza kwa upepeo wake, akawaambia wangoje zamu yao. Kisha akaja na sahani ya wali na nyama, akaiweka upande wa mkono wangu uliokuwa huru.

"Tafuta tanboi mwingine," akamwambia dereva.

Dereva akajibu kwamba huyu wa sasa hajawahi kufunga turubai ikafungika, kwa hiyo hakuna hasara. Nilitaka kumjibu, lakini shangazi walikuwa wakigeuka, wote pamoja, na ilinibidi nipunguze mwendo kidogo.