Chuchu ya Nne ya Chelel

Nilipokuwa mtoto kule Kimulot, aliyekula nyama hakugusa maziwa siku hiyo. Gogo, yaani nyanya yangu, alisema kiwele cha ng'ombe kingeharibika. Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza.

Nilikuwa na miaka tisa. Gogo aliumia kifundo cha mkono akichuma majani chai, na jioni hiyo nilipotoka harusini akanipa ndoo nimkamue Chelel, ng'ombe wetu wa pekee. Heshima hiyo nilikuwa nimeingoja muda mrefu.

"Chebet, hukula nyama kwa harusi?"

"Sikula, Gogo."

"Na huo mdomo unang'aa, umenyeshewa?"

"Ni mafuta ya kujipaka."

Akacheka, akaniamini. Nikakamua kwa vidole vilivyonuka mbuzi.

Siku ya tatu kiwele kilikuwa kimevimba upande mmoja, na maziwa yakatoka na mabonge. Gogo akamkumbuka jirani yetu, Mama Kiprono, aliyekuwa amemsifu Chelel mno. "Ni jicho lake hilo!" akasema, akachukua fimbo. Nilimfuata. Kwenye lango la Mama Kiprono nikamshika leso.

"Gogo, nilikula. Vipande vinne."

Nilingoja fimbo. Haikuja.

"Ng'ombe hawezi kusema," akaniambia. "Na wewe ukinyamaza, nitajuaje cha kutibu?"

Tukarudi nyumbani. Daktari wa mifugo akaitwa, nami nikawa nakanda kiwele kwa maji moto asubuhi na jioni. Chuchu tatu zilisalimika. Ya nne ilikauka.

Leo nina kiwanda kidogo cha maziwa lala mjini Kericho. Ni mimi wa kwanza kwetu kumaliza chuo kikuu, na huko nilijifunza kwamba kosa lilikuwa mikono ambayo sikuiosha. Nilipomweleza Gogo, alinitazama kana kwamba nimechelewa kufika. "Kwani mimi nilikuwa nasema nini?"

Hata sasa sili nyama siku ya kupima maziwa. Wafanyakazi hunicheka, nami huwaacha wacheke.

Wiki jana Kibet, anayepokea maziwa, aligonga mlango wangu. "Madam, nimeingiza maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa. Yako ndani ya tangi."

Maziwa yenye dawa hayauzwi; tukamwaga tangi zima. Kibet alisimama akingoja kufukuzwa, na kungoja huko nilikujua vizuri. Nikamshukuru kwa kusema. Aliponiuliza kwa nini, sikumsimulia habari za chuchu ya nne.

"Ng'ombe hawezi kusema," nikamjibu.